Breki na Trela la Laini ya Juu

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelalia misonobari, na yadi ya kiwanda cha mbao haina mtu ila mlinzi anayekunja blanketi lake. Breki yuko chini ya trela. Inaonekana miguu yake tu, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya badala ya kamba.

Anagonga boliti moja baada ya nyingine kwa spana. Akitosheka anatoka, anajifuta mikono kwenye suruali, anapanda juu na kuivuta mikanda iliyofungwa kwenye mabenchi mawili ya chuma. Mmoja umeanza kuchanika. Anaufungua na kuutia mfukoni, aupeleke kwa fundi cherehani kabla ya saa ya kazi.

"Wenzangu wananicheka kila siku, eti nimekuwa mkaguzi wa mikanda," anasema. "Nawajibu, hapa anakaa mama yangu. Wewe wa kwako unamkalisha wapi?"

Breki ni dereva wa trekta. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akivuta magogo kutoka msituni hadi kiwandani. Jina lililo kwenye kitambulisho chake halijui mtu ila karani wa mishahara. Hili la Breki alipewa na wapakiaji wa magogo, ambao wanasema bwana huyu hukanyaga breki hata akipanda mlima.

"Sikatai," anasema. "Lakini wale wenye mbio wote nimeshawasindikiza hospitali. Mimi huyu hapa, mzima, na mguu wangu uko kwenye breki."

Trela analolikagua kila asubuhi halibebi gogo hata moja. Lina ngazi ya mteremko inayoshushwa hadi chini, lina paa la bati na mito iliyofunikwa kwa turubai. Hilo ni la watu. Moto ukishuka kutoka msituni, Breki analifunga nyuma ya trekta lake na kwenda kuwachukua wasioweza kutembea.

Wafanyakazi wa kiwanda hiki wanaishi kwenye laini tatu za nyumba zilizojengwa mgongoni mwa kilima. Laini ya chini iko karibu na barabara na kiwanda. Laini ya juu imepakana na msitu wenyewe. Ukifungua dirisha la nyuma, matawi ya misonobari yanakuamkia. Kodi ya huko ni nusu ya kodi ya chini. Kwa hiyo huko juu wamekaa wastaafu, wajane, na wale ambao mshahara unawaaga kabla mwezi haujafika katikati. Breki anakaa huko na mkewe, watoto wao wawili, na mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa mpanga mbao kiwandani hadi alipoanguka na kuvunjika nyonga. Siku hizi hasimami bila kushikwa. Mdomo wake haukuvunjika popote.

"Nimezaa dereva," anasema akiwa mlangoni kwake, kwenye kiti cha plastiki, "lakini ili nipande gari lake, mpaka serikali iingilie kati."

Ili kuelewa maneno ya mama huyu, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Tangu zamani watu wa hapa walijua jambo moja tu kuhusu moto. Ukiona moshi, unavunja tawi bichi na kuukimbilia. Watoto wanakua wakiona hivyo. Msitu ndio mshahara; ukiungua, kiwanda kinasimama na jikoni hakupikwi kitu. Mwanamume aliyeonekana anatembea kuelekea upande mwingine siku ya moto alipewa majina ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Na dereva wa trekta alikuwa na kazi moja: anafungua magogo, anafunga tangi la maji, anaelekea kunakowaka.

Kuondoka hakukuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Mwaka juzi halmashauri ikatenga fungu la fedha za umma kwa ajili ya makazi yaliyozungukwa na misitu, ili wakazi wenyewe wapange namna ya kuondoa watu moto unapokuja. Diwani wa eneo hili anakiri fungu lilikuwa dogo. "Ukarabati wa choo cha ofisi yetu ulipata zaidi," anasema, na hacheki. Lakini hela hiyo ndogo ndiyo iliyomleta mratibu.

Mratibu ni mwanamke mrefu mwenye mabuti ya mpira na sauti ya upole. Alipita nyumba kwa nyumba. Hakuanza na moto. Alianza kwa kuuliza nani anaishi hapa, nani anaumwa, nani analala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, nani hasikii vizuri. Mama yake Breki anakumbuka.

"Alikunywa chai yangu yote," anasema. "Nikasema huyu mtoto amefukuzwa nyumbani. Kumbe alikuwa anapima kama mlango wangu unapitisha kiti."

Mpango wa kwanza ukatoka. Kengele ya kiwanda ikilia bila kukatika, kila mtu ashuke kwa njia ya nyuma inayopita kwenye vitalu vya miche, avuke kijito, akusanyike kwenye uwanja wa shule. Njia hiyo ilikuwa imefungwa kwa mnyororo miaka na miaka, mnyororo ukaondolewa. Breki akapewa kazi ya kupita laini ya juu na trela. Akaitikia kwa kichwa kwenye mkutano. Kila mtu akaitikia kwa kichwa.

Ikafika siku ya majaribio. Pipa la matawi mabichi likawashwa pembeni mwa msitu ili litoe moshi, na kengele ikalia.

Kilichotokea kinasimuliwa hadi leo pale kantini, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake. Wanaume wa laini zote tatu, waliokuwa wameitikia kwa kichwa, walivunja matawi na kupanda kilima kama nyuki. Walilipiga lile pipa mpaka likabonyea. Moto ulizimika kabla kengele haijamaliza kulia. Wakasimama wanahema, wanapongezana.

"Tulikuwa na furaha ya kijinga," anasema nyapara wa yadi, mwanamume mnene asiyependa maneno mengi. "Tumezima pipa."

Breki naye alikuwepo, na tangi lake la maji. Alilifunga bila kufikiri, kama mtu anavyovaa shati. Akapita laini ya juu kwa mwendo ambao, kwake yeye, ulikuwa wa kasi.

Jioni ile watu walikutana kantini. Mratibu hakumgombeza mtu. Aliuliza tu nani hakufika uwanjani. Mama yake Breki, aliyebebwa hadi pale na wajukuu zake akiwa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono.

"Mimi nilijiandaa," akasema. "Nimevaa viatu, nimejifunga khanga, nimekaa mlangoni na kikapu changu mapajani. Nikamwona mwanangu anakuja na trekta. Nikampungia mkono. Na yeye, mtoto mwenye adabu, akanipungia. Akapita."

Kantini nzima ikaangua kicheko. Breki naye alicheka.

"Nilicheka na wenzangu," anasema sasa, akiwa amekaa kwenye tairi la akiba, akigeuzageuza spana mikononi. "Halafu nikamwangalia mama. Na yeye alikuwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kikapu vile vile. Kicheko kikanikauka. Nikajiambia, ule moshi ungekuwa wa kweli, mimi sasa hivi ningekuwa shujaa mwenye tangi, na mama yangu majivu."

Hapo ndipo ile hela ndogo ilipofanya kazi kubwa.

Fungu lilikuwa limepangiwa majaribio ya mara moja, kisha sherehe ya uzinduzi: mahema, fulana na kofia zenye maandishi, spika za kukodi. Mratibu alirudi halmashauri akasema sherehe isubiri. Alitaka hela hiyo ilipe wafanyakazi ujira wa nusu siku, ili kiwanda kisimame na watu wajizoeze tena, na tena, mpaka miguu ijifunze. Mwenye kiwanda alikuwa ameshasema hawezi kulipa watu kwa kukimbia.

Diwani alikubali. Hilo si dogo. Wanasiasa wengi wangefia kwenye ile fulana.

"Nilikuwa nimeshaandaa hotuba," anasema diwani. "Lakini mama yake Breki alinisimulia habari ya kupungiwa mkono. Nikaona hotuba yangu haina maana."

Kilichobaki kilimlipa fundi wa kuchomelea. Trela kuukuu lililokuwa linaoza nyuma ya yadi likawekewa mabenchi, ngazi na paa. Siku ya majaribio ya pili, wanaume walisimama mikono mitupu, hawajui waiweke wapi. Kila mmoja alikuwa amepewa mtu wake: huyu amshike mkono mzee fulani, yule abebe watoto wa jirani. Wengine walipangwa kwenda na matawi, lakini baada ya nyumba kuwa tupu.

Breki alilipita tangi lake limesimama pale, limejaa. "Nilijisikia niko uchi," anasema.

Mama yake alifika uwanjani akilalamika. "Nimemwambia fundi, hivi umetengeneza gari la wagonjwa au la kutengenezea wagonjwa? Mgongo wangu ulikuwa unahesabu mawe." Wiki iliyofuata mito ikawekwa.

Siku ile ya majaribio ya pili ndipo kilipoamuliwa kitu ambacho Breki hakukipenda. Njia ya laini ya juu ina mwisho. Trela linaenda hadi nyumba ya mwisho, linageuza, linarudi. Nyumba ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na msitu. Wakazi wakakubaliana kwamba dereva aanzie huko, asisimame njiani, aokote watu wakati wa kurudi. Nyumba ya mama yake Breki iko katikati.

"Yaani nimpite tena," Breki aliwaambia.

Mama yake ndiye aliyejibu. "Utanipita. Safari hii utarudi."

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Majani ya misonobari yalilia chini ya viatu kama bisi. Mchana mmoja, watu wametoka kula, upepo ukageuka, na kutoka upande wa pili wa kilima moshi ukainuka, mweusi chini na mweupe juu. Kengele ikalia bila kukatika.

Breki alikuwa yadini. Alifungua magogo. Tangi lilikuwa hatua chache upande wa kushoto, trela la watu upande wa kulia. Nyapara, ambaye alikuwepo kwenye majaribio yote, na aliyelala na kuamka na zile mbao kwa miaka mingi, akasahau kila kitu.

"Breki, lete tangi. Mbao zitaungua, bwana, lete tangi."

"Laini ya juu kwanza."

"Nakwambia lete tangi, we mtu."

"Laini ya juu kwanza, kaka. Nitarudi."

Akafunga trela, akapanda. Nyapara alimrushia kofia yake, ikampiga mgongoni. Breki hakugeuka.

Moshi ulikuwa umeshashuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Akamwona mama yake mlangoni, mkewe amesimama nyuma ya kiti. Mguu wake, anasema, ulienda wenyewe kwenye breki. Trekta likapunguza mwendo.

"Mama hakuniambia kitu kirefu," anasimulia. "Alifanya mkono hivi, kama anafukuza kuku. Akasema, pita, pita, mwenzangu ana kichanga."

Alipita.

Nyumba ya mwisho kulikuwa na mwanamke aliyejifungua wiki ile ile, bado hajapata nguvu ya kusimama vizuri. Nyumba iliyofuata, mzee kipofu anayesuka viti, ambaye kwanza aligoma. "Alisema yeye moto hauoni na moto pia haumwoni," anasema Breki. "Nikamwambia mzee, utani tutafanya uwanjani." Wapakiaji wawili walimbeba mzimamzima. Nyumba baada ya nyumba, watu waliopewa watu walikuwa wamesimama nao mlangoni, tayari. Hakuna aliyetafutwa. Hakuna aliyerudi kuchukua redio.

Alipofika katikati, cheche zilikuwa zinaangukia paa la jiko lao. Mama yake alipakiwa na kiti chake. Trela likashuka kwa njia ya vitalu, likavuka kijito, likaingia uwanja wa shule. Mratibu alikuwa ameshafika, anaita watu kwa jina la nyumba. Kila nyumba iliitika.

Ndipo Breki akarudi kuchukua tangi. Alikuwa amechelewa kwa mbao. Nusu ya yadi iliungua, na nyumba kadhaa za laini ya juu zilibaki kuta, pamoja na jiko la mama yake. Kiwanda kilifungwa kwa muda, na familia nyingi ziliishi kwa mkopo wa duka na unga wa msaada. Hayo si mambo ya kupita haraka. Mkewe Breki alifua nguo za watu. Breki mwenyewe alibeba mchanga.

Lakini hakuna kaburi lililochimbwa.

Nyapara hakumsemesha kwa majuma mengi. Kisha Jumapili moja akatokea nyumbani kwao na mfuko wa misumari na mabati mawili yaliyonusurika, akaanza kuezeka jiko la yule mama bila kuombwa. Alipomaliza alishuka, akasimama mbele ya kiti chake.

"Mama, siku ile mimi nilidai tangi," akasema.

"Nilisikia," akajibu mama. "Hilo bati la kushoto umeliweka vibaya."

Akapanda tena kulirekebisha. Nyapara mwenyewe ndiye anayesimulia hili, na hapo anakohoa kidogo. "Ningekuwa mimi ndiye dereva, ningelichukua tangi," anasema. "Mama yangu mwenyewe anakaa laini ya juu. Alikuwa kwenye trela lile lile."

Mtu akimuuliza mama yake Breki anamshukuru nani, anahesabu kwa vidole. Mungu kwanza. Mwanawe, kwa kupita na kwa kurudi. Yule binti aliyemaliza chai. Fundi, baada ya mito. Kisha anasema jambo ambalo mwandishi wa hotuba angelipia.

"Hizo hela hazikutoka mfukoni mwa diwani. Ni za watu. Mtu yuko mbali huko amenunua sabuni, amenunua kiberiti, wamemkata kodi kidogo. Hanijui, na pengine analalamika mpaka leo. Basi huyo ndiye aliyenishika miguu tukapanda. Mwambieni bibi mmoja anasema asante."

Breki hapendi kuitwa shujaa. Anasema Breki wa kwanza alikuwa shujaa wa pipa, na huyu wa sasa ni mtu aliyefundishwa kazi vizuri. "Bila ile nusu siku ya kulipwa tufanye mazoezi, ningefunga tangi," anasema. "Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Akili ilikuwa imeshaelewa, lakini mikono ilikuwa haijaelewa."

Kinachomnyima usingizi sasa ni ng'ambo ya kijito, mbele zaidi ya uwanja wa shule. Huko wanaishi vibarua wanaopalilia miche na kupogoa miti, kwenye mabanda yaliyozungukwa na misonobari pande zote. Siku ya moto upepo haukwenda kwao. Hawana trela, hawana njia ya nyuma, na bado wanafundisha watoto kuvunja matawi.

Mwezi uliopita Breki alivaa shati lake la kanisani akaenda kikao cha halmashauri, ambako bajeti ilikuwa inajadiliwa. Alipopewa nafasi alisema anashukuru, na kwamba ng'ambo wana mama pia. Akakaa. Diwani anasema ndiyo ilikuwa hotuba fupi kuliko zote mwaka huu. Fungu likapitishwa tena, na safari hii ng'ambo imo. Mratibu ameshaanza kunywa chai huko.

Trela la pili linachomelewa. Dereva pia amepatikana: mama mmoja anayesimamia vitalu, aliyezoea kusukuma toroli za miche na sasa anajifunza trekta la zamani la kiwanda. Watu wanamwita Mama Miche. Kila jioni baada ya kazi, Breki anamfundisha kwenye uwanja wa shule.

Jioni hii anafanya zoezi la kurudisha trela nyuma. Linakunjika. Analinyoosha, linakunjika tena. Watazamaji kwenye ukuta wa shule wanatoa ushauri ambao haukuombwa.

"Mwalimu, na wewe unasimama mbele ya taa, nikukanyage?" anauliza Mama Miche.

"Basi nitoke," anasema Breki.

Anazunguka hadi nyuma, anapanda ngazi, anaketi kwenye benchi la wagonjwa, kiti cha pembeni. Anaufunga mkanda kiunoni na kuukaza. Watazamaji wanapiga mbinja. Mmoja anamuuliza amevunjika wapi.

"Bado," anawajibu. "Lakini nitazeeka hapa hapa. Siku miguu yangu ikikataa, nataka nimkute anayeijua njia." Kisha anampigia Mama Miche kelele juu ya mngurumo wa injini. "Twende ng'ambo, dada. Anzia nyumba ya mwisho."

Trekta linaondoka. Kwenye shimo la kwanza Breki anarushwa, anashika benchi kwa mikono miwili, na dereva wake hakanyagi breki hata kidogo.